Macho, kidole na kumbukumbu mbaya: tiba ya EMDR ilitoka wapi?

1/6
Tangu niandike kuhusu kiwewe baada ya kujifungua, inboksi imejaa swali moja: "Nesi, hii tiba ya kupeleka macho kulia na kushoto ni ya kweli au ni mambo ya TikTok tu?"

Swali zuri. Nimeona nisijibu kwa ndiyo au hapana, niwape historia yake. Tiba hii ilibishiwa kwa miaka mingi kabla ya kukubalika, na ukijua ilibishiwa wapi utajua pia uitumie vipi. Mtoto akilala, chukua chai, tuanze.

2/6
Kwanza tujue ugonjwa wenyewe ulivyopata jina, maana zamani aliyeugua kiwewe aliitwa mwoga au mdhaifu.

Vita Kuu ya Kwanza, askari walirudi kutoka mstari wa mbele wakitetemeka, hawalali, wengine hata sauti imepotea, na ukiwakagua mwilini huoni jeraha. Mwaka 1915 daktari Mwingereza Charles Myers aliandika kuhusu wagonjwa wa aina hiyo katika jarida la The Lancet. Lakini jeshini huruma ilikuwa ndogo. Uingereza iliwapiga risasi mamia ya askari wake kwa makosa kama kutoroka na woga. Mwaka 2006 ndipo 306 kati yao walipopewa msamaha, na inaaminika kwamba baadhi yao walikuwa wagonjwa wa kiwewe. Miaka karibu 90 baadaye, jamani.

Wanawake nao walisubiri. Mwaka 1972, katika hospitali ya jiji la Boston, Marekani, nesi wa afya ya akili Ann Burgess na mwanasosholojia Lynda Holmstrom walianza kukaa na wanawake walioletwa baada ya kubakwa, wakawasikiliza na kuandika. Waliona dalili zinajirudia: ndoto mbaya, kushtuka, kuogopa mahali fulani, mwili kukosa amani. Matokeo yao yalichapishwa 1974. Ndiyo, nesi mwenzangu, najivunia!

Maveterani wa vita vya Vietnam nao walipiga kelele, na mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili Marekani kikauingiza ugonjwa huu rasmi kwenye kitabu chake cha magonjwa. Wengi mnaujua kwa kifupi cha PTSD. Jina likapatikana. Tiba je?

3/6
Hapa anaingia Francine Shapiro. Alikuwa msomi wa fasihi ya Kiingereza, sio daktari. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aligundulika ana saratani, na ugonjwa huo ukamfanya aanze kujiuliza akili na mwili vinaathirianaje. Akahamia saikolojia.

Kwa maelezo yake mwenyewe, siku moja ya mwaka 1987 huko California alikuwa anatembea bustanini, kichwani ana mawazo yanayomsumbua. Akagundua mawazo yale yamepungua makali, na kwamba yalipokuja macho yake yalikuwa yanakwenda haraka huku na huku. Akajaribu tena makusudi. Kisha akajaribu kwa watu wengine, akiwaongoza kwa kidole ili macho yafuate.

Mwaka 1989 alichapisha utafiti wake wa kwanza. Ulikuwa na watu 22 tu, wakiwemo maveterani wa Vietnam na watu waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Aliripoti kwamba hata kwa kikao kimoja kumbukumbu ilipoteza makali yake, na baada ya miezi mitatu hali haikuwa imerudi nyuma. Baadaye akaipanua ikawa tiba yenye hatua nane, ndiyo hii EMDR.

4/6
Wataalamu wengi hawakuamini, na tuwe wakweli, walikuwa na haki ya kuuliza. Watu 22 ni wachache. Mtafiti ndiye aliyetibu, na yeye huyo huyo akapima matokeo. Halafu kidole kinapita mbele ya macho na mtu anapona? Ilisikika kama mazingaombwe.

Richard McNally wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa mmoja wa wapinzani wakubwa. Hoja yao kwa lugha yetu: mgonjwa anapata nafuu kwa sababu anaikabili kumbukumbu akiwa mahali salama, jambo ambalo tiba nyingine zilishafanya, kidole ni mapambo tu. Mwaka 2001 uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja ukawaunga mkono: tiba inasaidia, ila macho hayaongezi kitu. Mwaka 2013 uchambuzi mwingine ukaja na jibu tofauti, kwamba macho yanaongeza nafuu. Ubishi huo haujaisha hadi leo.

Ona lakini wanabishania nini. Swali lililobaki ni macho yana kazi gani ndani ya tiba. Kwamba tiba nzima inasaidia watu wenye PTSD, hilo limepimwa mara nyingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2013 likapendekeza tiba mbili za kuongea na mtaalamu: tiba ya kubadili fikra na tabia inayolenga kiwewe, na EMDR, kwa watu wazima na kwa watoto. Shapiro aliyaona hayo kabla ya kufariki 2019.

5/6
Sasa inafanyaje kazi? Maelezo yenye ushahidi mzuri, hasa kutoka kwa watafiti wa Uholanzi, ni haya. Sehemu ya akili tunayotumia kushika jambo la sasa hivi ni ndogo, kama jiko la mafuta lenye sufuria moja. Ukiwa umeshika picha mbaya na wakati huo huo unafuata kidole, picha haipati nafasi yote. Inafifia. Ikirudi kuhifadhiwa, inarudi ikiwa imefifia. Ndiyo maana kazi nyingine inayochosha akili, kama kuhesabu kurudi nyuma, nayo imeonekana kupunguza makali ya picha.

Kikaoni, mtaalamu kwanza anachukua historia yako na kukufundisha kujituliza. Kisha unachagua kumbukumbu, unasema inakuumiza kiasi gani kuanzia 0 hadi 10, unaishika akilini, macho yanafuata kidole kwa sekunde kadhaa. Unapumua. Unasema kilichokuja. Mnarudia hadi namba ishuke. Huhitaji kusimulia kila kitu kwa undani, na hili kwa mama anayeona aibu kusimulia ni jambo kubwa.

Kuna na "kumbatio la kipepeo": mikono inakingamana kifuani, unajigonga taratibu bega moja kisha lingine. Lilianza Mexico, Lucina Artigas alipokuwa akihudumia watoto waliopitia Kimbunga Pauline kilichopiga Acapulco mwaka 1997. Mwana wa mfalme Harry alionekana akilifanya kwenye mfululizo wa filamu za maisha halisi wa 2021, na hapo ndipo wengi wenu mlipoliona.

6/6
Linatuhusu vipi? Wodini tunaona mama aliyetoka damu nyingi, aliyekimbizwa upasuaji usiku, au ambaye mtoto hakulia alipozaliwa. Anaruhusiwa, mtoto mzima, watu wanamwambia "mshukuru Mungu, yameisha". Kwake hayajaisha. Akisikia harufu ya dawa ya hospitali moyo unakwenda mbio. Anakwepa kliniki. Anaota. Mume anadhani amekuwa mkali tu.

Dalili hizi zikipita mwezi mmoja, usijikaze. Mwambie nesi wa kliniki ya mtoto au daktari wa hospitali ya wilaya, kwa maneno wazi: "Nilipata kiwewe wakati wa kujifungua." Omba rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Si kila hospitali ina mtu wa EMDR. Ile tiba nyingine niliyoitaja ni nzuri pia. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri mwezi, nenda leo hii, na uende na mtu.

Na tafadhali, usijitibu kwa video. Kumbatio la kipepeo kwa kujituliza sawa, hata na mtoto aliyeshtuka. Lakini kufukua kumbukumbu nzito peke yako usiku ni hatari, inaweza kufunguka yote na huna wa kuifunga. Hatua nane zipo kwa sababu hiyo. Pia usinunue dawa za usingizi dukani kama diazepam; mwongozo ule ule wa 2013 unakataza watu wazima kupewa dawa za jamii hiyo kutibu kiwewe katika mwezi wa kwanza.

Akina baba, kazi yenu ni moja: mama akisimulia usiku ule kwa mara ya kumi, msikilizeni kama ni ya kwanza.

Posti ijayo: mtoto aliyeona ajali, tuongee naye vipi? Maswali yaacheni hapa chini.