Shinikizo la damu na neva zinazojiendesha katika amiloidosisi

Amiloidosisi ni kundi la magonjwa ambamo protini za mwili hujikunja vibaya, zikashikana kuwa nyuzi za amiloidi na kurundikana ndani ya viungo. Aina mbili ndizo zinazodhuru neva zaidi. AL hutokea chembe za plazma za uboho zinapotoa vipande vya kingamwili kupita kiasi. ATTR hutokana na transthiretini, protini inayotengenezwa hasa na ini. Jeni yake ikiwa na kasoro, ugonjwa hurithiwa. Aina ya AA, inayoweza kufuata kifua kikuu cha muda mrefu, huelemea zaidi figo.

Mwaka 1952 daktari wa Ureno, Corino de Andrade, alichapisha maelezo ya ATTR ya kurithi kutokana na wagonjwa wa eneo la Porto, wengi wao wakiwa na asili ya Póvoa de Varzim, mji wa wavuvi. Miguu yao ilikuwa imekufa ganzi, lakini pia walikonda, waliharisha, na wanaume walipungukiwa nguvu za kiume. Dalili hizo za pili hutoka kwenye neva zinazojiendesha, yaani zile zinazoongoza moyo, mishipa ya damu, utumbo, kibofu na tezi za jasho bila mtu kuziamuru.

Mtu anaposimama, kati ya nusu lita na lita moja ya damu huteremkia miguuni na tumboni. Vihisio vilivyo kwenye ateri za shingo na kwenye upinde wa aota huarifu ubongo mara moja, neva za simpathetiki humwaga noradrenalini, mishipa hubana na moyo huongeza mapigo. Yote hayo hufanyika haraka, bila mtu kujua. Amiloidi hushambulia mapema nyuzi nyembamba za neva, na ndizo zinazobeba amri hiyo. Mishipa isipobana, presha huporomoka. Kipimo kinachotumika kuitambua hali hiyo ni kushuka kwa angalau mmHg 20 kwa namba ya juu, au 10 kwa namba ya chini, ndani ya dakika 3 za kusimama.

Mgonjwa huona giza, hupata kizunguzungu na maumivu ya shingo na mabega, hata kuzirai. Hali huwa mbaya zaidi asubuhi, baada ya mlo mkubwa au baada ya kuoga maji ya moto. Wapo wasiohisi chochote hadi waanguke. Ndiyo maana kupima presha ya mgonjwa akiwa ameketi tu hakutoshi kamwe: apimwe akiwa amelala kwa dakika 5, kisha akiwa amesimama, na mapigo ya moyo yahesabiwe pia. Aliyepungukiwa maji au damu, moyo wake huenda mbio. Neva zilizoharibika huuacha moyo ukipiga karibu vilevile ingawa presha imeshuka.

Ishara moja hupita bila kutiliwa maanani. Mtu aliyetumia dawa za presha ya kupanda kwa miaka mingi huanza kuona hazihitaji tena. Familia hushukuru, na huenda hata kliniki ikaandika kwamba amepata nafuu, kumbe neva zinakufa na misuli ya moyo inakakamaa. Akiendelea kumeza dawa zilezile, zikiwemo za kushusha presha na za kuongeza mkojo, anaweza kuanguka. Kisukari nacho huharibu neva hizi, lakini sukari ikiwa ya kawaida, uchunguzi usiishie hapo: ulimi ulionenepa, michubuko kuzunguka macho, mkojo wenye mapovu, au ganzi ya viganja vyote viwili humwelekeza daktari kwenye amiloidi. Kipande cha mafuta ya tumbo hutiwa rangi nyekundu ya Kongo, na amiloidi hung'aa kijani chini ya mwanga uliochujwa wa hadubini. Kipande kisicho na amiloidi hakiondoi uwezekano wa ugonjwa.

Tiba ya chanzo hutangulia. AL hutibiwa kwa dawa za kuua chembe za plazma. Kwa ATTR ya kurithi, ini lilianza kupandikizwa Sweden mwaka 1990. Tafamidisi iliidhinishwa Ulaya mwaka 2011, na patisirani, inayozuia ini kutengeneza transthiretini, mwaka 2018. Dawa hizi hupunguza kasi ya ugonjwa, ila neva iliyokwisha kufa ni nadra kupona, hivyo presha hutunzwa kivyake.

Mgonjwa huinuka kwa hatua, hula kidogo kidogo, huvaa soksi ndefu za kubana na mkanda wa tumbo. Nusu lita ya maji ikinywewa haraka huipandisha presha ndani ya dakika chache. Midodrini hubana mishipa. Fludrokotisoni huzuia chumvi na maji mwilini, jambo la hatari kwa moyo uliokwisha kujaa amiloidi, na ushauri wa kuongeza chumvi una kikwazo hichohicho. Dawa za kupandisha presha huweza kuipandisha mno mgonjwa akilala chali, kwa hiyo dozi ya mwisho ya midodrini humezwa angalau saa 4 kabla ya kulala, na upande wa kichwa wa kitanda huinuliwa.