Chukudu: magurudumu ya mti yaliyoibeba Goma

Miji mingi imeweka katikati yake sanamu ya rais, ya askari au ya mfalme. Goma imemweka mbeba mizigo. Tangu mwaka 2009, kwenye Rond-point Chukudu, mtu wa rangi ya dhahabu ameshika usukani wa chombo cha mti chenye magurudumu mawili, na toka alfajiri hadi usiku wanamzunguka wenzake wa kweli, wenye jasho usoni na magunia ya viazi mbele yao.

Sisi tunaotoka Butembo na Lubero tunapofika hapo tunasimama kidogo, kwa sababu tunajua kwamba chukudu haikuzaliwa mjini. Ilishuka kutoka milimani. Ni kazi ya watu wa vijiji vya Kivu ya Kaskazini, na ilianza kuonekana barabarani miaka ya 1970, wakati Kongo ikiitwa Zaire.

Historia ya miaka ile lazima ikumbukwe, maana ndiyo iliyoizaa chukudu. Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na makampuni ya wageni yawe mali ya Wazaire. Mengi yaligawiwa watu wakubwa wasiojua kuyaendesha, na baada ya muda mfupi yakafungwa. Mwaka uliofuata bei ya shaba, iliyokuwa ikilisha hazina ya serikali, ikaporomoka, na mafuta ya magari yalikwisha kupanda bei duniani kote. Malori yakakosa vipuri. Mvua ikala barabara na hakuna aliyezitengeneza. Lakini mashamba hayakugoma: kabichi, vitunguu, viazi na maharage viliendelea kuota kwenye udongo wetu, huku Lubero na kule chini ya volkano ya Nyiragongo. Mkulima alikuwa na chakula kingi shambani, na soko lilikuwa mbali. Watu wakarudia msemo wao wa tangu miaka ya uhuru, kwamba katiba ina kifungu cha 15, na kifungu hicho kinasema kila mtu ajitafutie njia.

Njia ikapatikana msituni. Fundi wa chukudu anahitaji panga, tezo, patasi, msumeno, misumari kidogo na mti mzuri. Mti mgumu unaoitwa mumba ndio unaosifiwa zaidi. Mkaratusi nao hutumika, kwa kuwa umejaa kwenye vilima vyetu. Ubao mrefu wa mlalo ndio mgongo. Mbele unainuka mti wa usukani wenye pembe mbili ndefu. Magurudumu huchongwa mviringo na kuvikwa ukanda wa tairi kuukuu ili yasipasuke kwenye mawe. Mahali pa goti hupigiliwa kipande cha ndala. Breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma, na anayeshuka mlima na magunia manne ya makaa anajua thamani ya kipande hicho. Fundi hodari huimaliza kazi kwa siku moja hadi tatu. Chukudu ya kawaida, yenye urefu wa mita mbili hivi, hubeba kilo 400 au 500, na ikitunzwa hudumu miaka miwili au mitatu kabla mti haujachoka.

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatujafundishwa shuleni. Chombo cha kwanza cha magurudumu mawili kinachotajwa katika historia ya baiskeli nacho kilikuwa cha mti, bila pedali, na mtu alikiendesha kwa kupiga ardhi kwa miguu. Kilitengenezwa na Karl von Drais, ofisa wa misitu wa Ujerumani, aliyekiendesha tarehe 12 Juni 1817 kutoka Mannheim, mji ulioko mahali mto Neckar unapoingia mto Rhine. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba kilichomsukuma ni volkano. Mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka Aprili 1815, majivu yake yakafunika anga, na mwaka 1816 mavuno ya Ulaya yakaharibika. Shayiri ikapanda bei, farasi wakafa njaa, na usafiri ukawa taabu. Wengine wanabisha. Mimi nawaelewa wanaoamini, kwa sababu nimekulia katika jimbo ambalo volkano na njaa ya usafiri ni mambo ya kila kizazi.

Na kamba inayotufunga na baiskeli ya Ulaya ina uchungu zaidi ya hapo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, akiwa Belfast, alitengeneza tairi ya kujaza upepo. Baiskeli ikawa nyepesi, kila mtu akaitaka, na dunia ikalilia mpira. Sehemu ya mpira huo ilitoka katika misitu ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II kuanzia 1885 hadi 1908. Wanakijiji walilazimishwa kukusanya utomvu kwa kiboko, wake zao wakashikwa mateka, mikono ikakatwa. Babu zetu walilipia safari za starehe za watu wasiowajua. Karne moja baadaye, mjukuu wa Kongo anaokota tairi iliyotupwa, anaikata vipande na kuvipigilia kwenye gurudumu la mti ili afikishe kabichi sokoni. Sijui hesabu nyingine inayoeleza vizuri zaidi deni la historia.

Anayetaka kuiona Goma kwa muda mfupi asitafute gari. Amfuate msukuma chukudu mmoja anayeteremka kutoka Kibumba, zaidi ya kilomita ishirini kaskazini ya mji, mpaka Ziwa Kivu. Hakuna kiongozi bora wa safari kuliko yeye, maana kila mwinuko, kila kona na kila jiwe la barabara hiyo analijua kwa goti lake.

Kibumba penyewe pana baridi na ukungu, na mashamba ya kabichi yanafika karibu na mpaka wa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Mwaka 1994 uwanda huu ulikuwa mji wa mahema. Julai ya mwaka huo mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka katika siku chache, kipindupindu kikawavamia, na ardhi ya mawe ya volkano ikawa ngumu mno kuchimbwa makaburi. Wenye umri wa kukumbuka hawapendi kusimulia mengi.

Kutoka hapo ni mteremko. Msukuma chukudu anasimama juu ya ubao, mguu mmoja karibu na breki, na kuiachia. Kulia kwake ni Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 ambao Count von Götzen, Mjerumani, aliupanda mwaka 1894 katika safari iliyomfikisha Ziwa Kivu. Mlima huo umetoka kwenye mipaka yake mara tatu katika kumbukumbu za watu walio hai. Januari 1977 uji wa moto ulishuka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Mei 2021 ulisimama Buhene, kwenye ukingo wa mji, na barabara hii hii ikakatika; waliovuka na mizigo yao siku zilizofuata walikanyaga mawe yenye joto bado.

Mara ya katikati ndiyo iliyoibadilisha Goma. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulishuka, ukafunika sehemu ya njia ya ndege uwanjani, ukapita katikati ya maduka, ukalichoma kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na kuingia ziwani kwa kishindo. Zaidi ya watu laki moja walikosa makazi. Walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na wengi wao walirudi baada ya siku chache tu, ardhi ikiwa haijapoa.

Hapo ndipo chukudu ilipoonyesha kazi yake. Magari yalishindwa kupita juu ya mawe yale meusi yenye makali. Gurudumu la mti lilipita. Mbao za kujengea vibanda zilikuja juu ya chukudu, mabati yakaja juu ya chukudu, saruji, maji, makaa na wagonjwa vilevile. Vijana waliponda mawe ya volkano kwa nyundo, wakayapakia, na mawe hayohayo yaliyozika nyumba za wazazi wao yakawa kuta za nyumba mpya. Anayetembea leo katika mitaa ya Goma anaona kuta nyeusi kila upande. Karibu kila jiwe lilipanda juu ya chombo cha mti kabla ya kupangwa. Kwa maoni yangu, sanamu ya 2009 ilistahili kujengwa kwa sababu ya miezi ile peke yake.

Baada ya Rond-point safari inakaribia Birere, mtaa wa biashara uliobanana na mpaka wa Rwanda. Mpaka huu ulikubaliwa mwaka 1910 baina ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza, na kituo cha Goma kikakua kikitazamana na Gisenyi ya Wajerumani. Leo mama mwenye beseni la nyanya anauvuka kutwa kutafuta chakula cha watoto, pale ambapo zamani wazungu walichora mistari. Chukudu hapa hazina nafasi ya kukimbia. Zinasukumwa polepole, na anayesukuma anapiga kelele ili watu wampishe.

Kisha ziwa. Kivu liko kwenye urefu wa mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, na chini ya maji yake yaliyotulia mna gesi nyingi ya methani na kaboni dioksidi ambayo wataalamu wanaichunga. Bandarini meli hupakia watu na mizigo kwenda Bukavu. Kituku, kwenye soko la ufukweni, sambaza wanauzwa kwa vikombe. Samaki hao wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na sasa ni chakula cha kila nyumba. Na pembeni, zikiwa zimejipanga kwenye mchanga mweusi, chukudu zinangoja bidoni za manjano. Mji uliokaa kando ya maji mengi hivi una mitaa ambayo mabomba hayana kitu, kwa hiyo maji ya ziwa yanapanda kwenda nyumbani kwa nguvu ya mapaja ya vijana. Wageni hupiga picha hapo wakisifu uzuri. Mimi naona aibu ya wenye mamlaka, na naisema wazi.

Kwetu Butembo hakuna ziwa, ila mabonde na miinuko. Mji umekaa juu kidogo ya ikweta, Lubero iko chini yake kidogo, na mstari wenyewe unapita katikati ya miji hiyo miwili. Chukudu za kwetu zilizoea njia za udongo mwekundu: mbao, mihogo, mchanga wa kujengea, liki na viazi vya Masereka. Wafanyabiashara wa Butembo wanasifiwa hadi Dubai na Guangzhou kwa ujasiri wao, na mara chache tu husemwa kwamba biashara hiyo ilianzia kwa mkulima aliyesukuma gunia lake mpaka sokoni. Katika miaka ishirini iliyopita pikipiki zimenyang'anya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mtoto wa msukuma chukudu leo anataka pikipiki, na nani amlaumu? Mgongo wa baba yake ameuona.

Vita vimeirudisha chukudu kwenye kazi yake ya huzuni. Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga, mlango wa Lubero kwa anayetoka kusini, ilitekwa na waasi wa M23. Januari 2025 ikafuata Goma yenyewe. Katika kila wimbi la kukimbia, kutoka Kibumba mpaka njia za Lubero, utaona godoro, sufuria, mbuzi na bibi kizee aliyeketi juu ya ubao wa mti, na kijana anayesukuma. Barabara namba 2, iliyounganisha Butembo na Goma, imekatwa na mistari ya mapigano, na mkulima wa Lubero amepoteza tena soko lake, kama alivyolipoteza baba yake miaka ya 1970.

Pamoja na haya yote, jina la fundi wa kwanza halikuandikwa popote. Drais ana tarehe yake, ana mji wake, ana vitabu. Dunlop ana kampuni iliyobeba jina lake. Fundi wa Kivu ya Kaskazini, aliyetazama mti na mzigo na kuona gurudumu, ana sanamu isiyo na jina. Waliomfahamu sasa wana miaka sabini na themanini, na wengine wako kambini, mbali na vijiji vyao.

Kwa hiyo naomba. Walimu wa historia wa Butembo, Beni na Lubero, wapeni wanafunzi kazi hii kabla ya mwaka wa shule kwisha. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, nendeni kwa mafundi mkiwa na kalamu na kinasa sauti, mpime chukudu zao, mchore michoro, muulize ni mti gani na ni nani aliyewafundisha. Nawe ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yuko muzee aliyechonga au kusukuma chukudu miaka ile, keti naye wiki hii. Andika jina lake kamili, kijiji chake na mwaka anaoukumbuka, kisha peleka nakala moja kwenye maktaba ya chuo na nyingine kwenye parokia yenu.