Rundo la Pembe Njia Panda: Kukataa Tiba kwa Sababu ya Imani Katika Ufipa

Ikisiri

Anayekataa hospitali au chanjo kwa sababu ya dini huelezwa kwa kawaida kuwa ni mtu asiye na elimu. Makala haya yanayapinga maelezo hayo kwa kutumia historia ya uwanda wa Ufipa. Yanadai kwamba mtu huyo haidharau dawa. Anaiepuka kwa sababu anaamini ina nguvu. Yanadai pia kwamba kuacha dawa ili kuwa safi ni tendo la kidini ambalo Wafipa walifundishwa na mchape, vuguvugu la kutokomeza uchawi, na wamisionari nao walilifundisha.

1. Utangulizi

Wenyeji hulifasiri jina la Sumbawanga, mji wa Ufipa mkoani Rukwa, kuwa agizo: sumba, yaani tupa, wanga, yaani uchawi, neno ambalo Waswahili wengine wanalitambua katika kitenzi kuwanga. Katika mji huohuo kuna hospitali ya Jimbo Katoliki inayoitwa kwa jina la Dk. Atiman, tabibu aliyekuwa pia katekista. Majina hayo mawili yanabeba swali la makala haya: nani aliwafundisha watu wa Ufipa kwamba dawa ya kutupa na dawa ya kupokea hupambanuliwa kwa imani?

Swali hili lilipata uzito upya mwaka 2023. Mtoto mmoja mkoani Rukwa alithibitika kupooza kwa polio, na mwezi Septemba Wizara ya Afya ilipeleka matone ya chanjo nyumba kwa nyumba kwa watoto walio chini ya miaka 8 katika mikoa 6: Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Songwe na Mbeya. Kila kampeni ya namna hii hutanguliwa na tamko lilelile: wapo wenye imani potofu, uelewa wao ni mdogo, elimu itolewe. Tamko hilo lina nia njema, lakini limekosea mahali muhimu.

2. Yaliyokwisha kusemwa

Kwamba Ufipa imepitiwa mara kwa mara na vuguvugu la kutokomeza uchawi si jambo la kubishaniwa. Mchape ulitoka Nyasaland, ukapita Rhodesia ya Kaskazini na kufika huku mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kamchape, mrithi wake, alishuhudiwa na Roy Willis alipokuwa akifanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Ubishi unaanza kwenye tafsiri. Willis (1968) anaona ndani ya kamchape mvutano wa vijana na wazee. Wengine wanaona kilio cha watu waliobanwa na ukoloni. Sizikatai hoja hizo, ila zote mbili zina kasoro moja: zinaharakisha kuuliza watu walikuwa wanamlalamikia nani, kabla ya kutazama walichokuwa wanakifanya kwa mikono yao. Walikuwa wanatupa dawa. Mkoloni ameondoka, vijana wa kamchape leo ni vikongwe, na bado kuna watu wanaoona kuacha dawa ni sehemu ya wokovu wao. Maelezo yaliyofungwa kwenye tukio la wakati mmoja hayawezi kubeba tabia iliyolipita tukio hilo.

3. Pembe 135

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni wa zamani na ni wa majirani. Audrey Richards, katika makala yake ya 1935 kuhusu Wabemba, kusini tu mwa Ufipa, anaeleza jinsi wapita-mchape walivyoingia kijijini, wakawapanga watu mstari na kuwatazama kwa kioo ili kumbaini mchawi. Kila mtu alitakiwa kusalimisha pembe zake za dawa, kisha akanywa dawa yao. Jina lenyewe, katika Kinyanja, linahusu kuosha. Pembe zilirundikwa njia panda, nje ya kijiji.

Richards hakuishia kusimulia. Alilikagua rundo moja, pembe kwa pembe. Zilikuwa 135. Ambazo aliweza kusema bila shaka kuwa ni za uchawi wa kudhuru zilikuwa 11 tu. Nyingi kati ya zilizobaki zilikuwa na dawa za kawaida, zile ambazo mtu hujiwekea nyumbani kwa ajili ya kujitibu, kujikinga au kujipatia heri.

Hesabu hiyo imenukuliwa mara nyingi kuthibitisha kwamba wachawi walikuwa wachache kuliko hofu. Nadhani ina jambo kubwa zaidi. Waliotupa pembe 124 zisizo za uchawi hawakuwa wajinga wa yaliyomo. Mwenye pembe ndiye aliyekuwa anajua kuliko mtu yeyote kwamba ile ni ya tumbo la mtoto na ile ni ya safari. Aliitupa akijua inafaa. Aliitupa kwa sababu kitu chenye nguvu ya kuponya, kikibaki kimefichwa darini, hakuna jirani atakayeamini kwamba hakina nguvu ya kuua. Neno letu lenyewe linakubali: dawa ni ya kuponya, na mtu hulalamika vilevile kwamba kafanyiwa dawa. Usafi wa kijiji ulidai vyote vitoke, kizuri na kibaya, kisha wote wanywe kitu kimoja hadharani, kutoka mkono mmoja.

Basi kuacha dawa hapa si kusema haifanyi kazi. Ni aina ya nadhiri: najitoa katika nguvu zote nyingine ili niwe chini ya moja. Kama ni hivyo, kampeni inayomwambia mzazi kwamba chanjo ina nguvu sana inamweleza jambo analoliamini tayari, na ndilo linalomtisha.

4. Ubatizo na chupa ya dawa

Itasemwa kwamba hayo ni mambo ya nje ya Ukristo. Kinyume chake, misheni nayo iliyafundisha. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama White Fathers, walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji ya Karema mwaka 1885. Ukatekumeni wao ulichukua miaka 4, na katika safari hiyo mwongofu alitakiwa kuachana na hirizi na waganga, akapewa medali na rozari. Anayetazama kwa macho ya aliyekulia kwenye habari za pembe ataona utaratibu anaoufahamu: toa vyote, pokea kimoja.

Mwaka 1889 alifika Karema Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadri hao na kusomeshwa utabibu Malta kwa mpango wa Kardinali Lavigerie. Alihudumu kando ya Ziwa Tanganyika hadi alipofariki mwaka 1956. Alifunga vidonda, alipasua, alitoa dawa. Na kama makatekista wote aliwabatiza waliokuwa wanakata roho. Mkono ulioleta chupa ndio ulioleta maji ya ubatizo.

Simlaumu Atiman, ni vigumu kumpata mtu aliyeitumikia pwani ile ya ziwa kwa muda mrefu na kwa moyo kama yeye. Lakini miaka zaidi ya 60 ya kazi yake iliwafundisha watu kwamba dawa ya kisasa nayo ina dini. Waliokuja baadaye na dini nyingine walikuwa na haki ya kuuliza: nikipokea chupa yenu, nimepokea nini tena?

5. Pingamizi

La kwanza ni kwamba tatizo ni umbali na gharama. Kwa mama wa mwambao wa Nkasi anayetafuta pa kujifungulia, hilo ni kweli tupu. Lakini matone ya polio huletwa mlangoni, bure. Anayeyakataa hapo hawezi kuelezwa kwa kilomita.

La pili ni kwamba ninachanganya madhehebu. Ni onyo la haki. Mashahidi wa Yehova, waliopigwa marufuku Tanzania mwaka 1965 na kusajiliwa tena mwaka 1987, hulazwa, hupasuliwa na humeza dawa. Wanachokataa, tangu 1945, ni kuongezewa damu, kwa kulitegemea andiko la Matendo ya Mitume sura ya 15. Hao si Kitawala, ingawa Kitawala ilichipuka kwenye mafundisho ya Watch Tower, shirika la Mashahidi hao, na kuvuka mpaka kuja Ufipa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ng'ambo ya ziwa, kaskazini mwa Katanga, baadhi ya vikundi vya Kitawala vilikataa matone wakati wa mlipuko wa polio wa miaka ya 2010 na 2011. Kuwaweka wote kwenye kapu la imani potofu ni kumnyima daktari taarifa anayoihitaji: mgonjwa huyu amekataa kitu gani hasa?

La tatu ndilo zito. Kuheshimu nadhiri kunaweza kuua mtoto. Baada ya miili zaidi ya 400 ya waumini walioelekezwa kufunga hadi kufa kufukuliwa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, kuanzia 2023, hakuna mwandishi anayeruhusiwa kulipita hili haraka. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka mzazi kumpatia mtoto matibabu, chanjo ikiwemo. Uganda ilitunga sheria yake ya chanjo mwaka 2017, baada ya miaka ya kuvutana na wafuasi wa kundi lililoitwa 666. Nakubaliana na sheria hizo kwa sababu inayotokana na hoja yangu mwenyewe: mtu huweka nadhiri juu ya mwili wake, na mtoto hajaapa. Mkatoliki wa Ufipa ataniuliza mbona msimamizi wa ubatizo humjibia mtoto mchanga. Ni kweli, lakini mtoto huyo akikua anaweza kuukana ubatizo wake. Mguu uliopooza haukaniki.

6. Hitimisho

Rundo moja la Ubemba haliwezi kueleza kila mlango uliofungwa Rukwa, na sidai hivyo. Nadai kwamba linaeleza zaidi kuliko neno ujinga. Linatudai pia ukweli. Kirusi kilichompoozesha mtoto wa Rukwa kilikuwa cha aina inayotokana na chanjo yenyewe ya matone, kirusi dhaifu ambacho hupata nguvu kikizunguka kwa muda mrefu pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Jambo hili husemwa kwa kunong'ona, kana kwamba wananchi hawataweza kulibeba. Wafipa walibeba zamani wazo kwamba dawa ina pande mbili. Tukilificha, tunafanana na mwenye pembe darini.

Kama kukataa ni nadhiri, kipeperushi hakitaifungua. Ataifungua mzee wa kanisa au mhubiri aliyeipokea, na huyo ndiye wa kuketi naye kabla ya siku ya kampeni, si baada ya polisi kufika. Na mchanjaji anayebisha hodi aache kuuliza kama mama anajua faida za chanjo. Amuulize: ni nani aliyekwambia uiache, na ulimwahidi nini?