Nafaka katika chakula cha mbwa wadogo: kutoka nchi ya Wazande hadi Hai Jalaba

Hai Jalaba ni mtaa wa zamani wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, na jina lake ni la jalaba, wafanyabiashara kutoka kaskazini ya Sudan. Historia ya chakula cha mbwa wadogo upande huu wa Nile ina umri mkubwa kuliko Juba yenyewe, na maandishi yake ya mwanzo yalitokana na safari zilizofuata njia za wafanyabiashara hao.

Mtaalamu wa mimea Georg Schweinfurth aliondoka Khartoum Januari 1869 na kuelekea kusini, na baadaye akasafiri chini ya ulinzi wa Muhammad Abu Sammat, Mnubi aliyekuwa akifanya biashara ya pembe za ndovu. Jalaba aliwakuta njiani na kwenye zeriba, zile ngome za miti zilizotumika kama vituo vya biashara, wakipanda punda na kubeba bidhaa zao ndogondogo. Katika nchi ya Wazande, wakulima wa huko kusini alikofika, hakuona ng'ombe wala mbuzi. Wanyama wa nyumbani walikuwa kuku na mbwa tu. Mbwa wenyewe aliwaeleza kwa makini: wadogo, manyoya mafupi yanayong'aa, rangi ya hudhurungi iliyoelekea njano, masikio makubwa yaliyosimama wima, mkia mfupi uliojikunja kama wa mtoto wa nguruwe. Shingoni walivalishwa kengele ndogo za mti ili wasipotee katika nyasi ndefu.

Jambo moja katika maelezo hayo linagusa chakula moja kwa moja. Schweinfurth aliandika kwamba mbwa hao walikuwa wepesi wa kunenepa, na kwamba Wazande waliwanenepesha kwa makusudi kwa sababu nyama yao ilihesabiwa kuwa kitoweo cha thamani. Nafaka kuu ya Wazande wakati huo ilikuwa ulezi. Nyama ya mawindo ilipatikana kwa msimu na kwa bahati, na maziwa hayakuwapo kwa kuwa hapakuwa na mifugo ya kukamuliwa. Mbwa anayenona katika nchi ya namna hiyo ni vigumu kuamini kwamba aliishi kwa nyama peke yake. Picha ya mbwa kama mla nyama asiyejua nafaka, ambayo huonekana siku hizi katika matangazo ya vyakula vya mbwa, haina mashiko katika ushahidi huu.

Juba ilijengwa katika miaka ya 1920 kwenye ukingo wa magharibi wa Nile, na mwishoni mwa muongo huo ikachukua nafasi ya Mongalla kama makao ya utawala. Wakati huohuo serikali ya Waingereza ilikuwa ikiwabana jalaba: sheria ya pasi na vibali ya mwaka 1922, kisha masharti ya leseni za biashara ya mwaka 1925, zilipunguza idadi yao kusini na kuwafungulia mlango Wagiriki na Washami. Waliobaki walileta dini yao na desturi zake. Hapa msomaji wa pwani hana budi kutua kidogo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Lamu, Mombasa na Unguja, mbwa ni najisi na mate yake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wasudani wa kaskazini wengi ni wa madhehebu ya Maliki, ambayo humhesabu mbwa kuwa tohara. Chombo alicholamba huoshwa kwa kutii amri, si kwa sababu mate yake ni najisi. Mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba wameruhusiwa katika madhehebu yote.

Chakula cha mbwa wa nyumbani mjini Juba ni masalio ya chakula cha watu: asida (ugali) ya mtama au ya mahindi, mchuzi uliobaki, mifupa, vichwa vya samaki wa Nile. Sehemu inayomwangukia mbwa mara nyingi ni ukoko, ile asida iliyogandia chini ya sufuria, ambayo hulowekwa maji mpaka ilainike na kubandukana, kisha humwagwa kwenye sahani kuukuu. Ukoko ni wanga uliopikwa sana, na mbwa huumeng'enya vizuri. Hatari huwa katika mchuzi. Kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na dalili zinaweza kutokea akila gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mbwa wa kilo 25 anaweza kunusurika pale ambapo mtoto wa mbwa wa kilo 2 atadhurika kwa kipande cha kitunguu kimoja.

Mbwa wa Wazande walitoka nje ya nchi mapema. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting aliwapeleka London mbwa sita kutoka Maridi. Wote walikufa karantini baada ya kudungwa chanjo ya distempa, ambayo ilikuwa bado katika majaribio. Mwaka 1937 mbwa wa aina hiyohiyo, walioletwa na Olivia Burn kutoka Kongo, walionyeshwa katika maonyesho ya mbwa ya Crufts kwa jina la Basenji. Mwaka 1959 Veronica Tudor-Williams alifika kusini mwa Sudan na kurudi na mbwa jike aliyeitwa Fula, ambaye damu yake imeenea katika Basenji wengi wa leo. Basenji ni mbwa wa kilo kama 10 au 11.

Huko walikopelekwa, mbwa walikuwa wameshaanza kulishwa chakula cha kiwandani, nacho kilizaliwa na nafaka. James Spratt, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi London, alianza kuuza biskuti za mbwa za ngano, mboga na nyama katika miaka ya 1860. Punje kavu zilizopikwa kwa mashine ya mgandamizo zilienea baada ya 1957, na mashine hiyo inahitaji wanga ili punje ishikamane. Mahindi, ngano na mchele vilifaa kwa kazi hiyo na bei yake ilikuwa nafuu. Imani ya wanunuzi ilitikisika mwaka 2007, ilipogundulika kwamba protini ya ngano kutoka China, iliyotumika katika vyakula vingi vya mbwa na paka Amerika Kaskazini, ilichanganywa na melamini, na wanyama wengi wakafa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Kosa lilikuwa la kemikali, lakini lawama ikaangukia nafaka. Vyakula visivyo na nafaka vikapata soko kubwa.

Ndani ya vyakula hivyo wanga haukuondoka; ulibadilishwa tu. Mahali pa mahindi paliwekwa dengu, njegere na viazi. Julai 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kuchunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka na misuli yake kulegea. Katika taarifa ya Juni 2019 zaidi ya asilimia 90 ya vyakula vilivyotajwa havikuwa na nafaka, na asilimia 93 vilikuwa na njegere au dengu au vyote viwili. Chanzo hakikuthibitishwa, na Desemba 2022 mamlaka hiyo ilisema haitatoa taarifa nyingine mpaka upatikane ushahidi mpya wa maana.

Sayansi ya vinasaba imetoa jibu lililo wazi zaidi. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa mwitu wa Ulaya na Asia wana nakala mbili tu za kinasaba kinachotengeneza kimeng'enya cha wanga, ilhali mbwa wa nyumbani wana kuanzia 4 hadi 30. Wenye nakala chache ni wale wa jamii zisizolima, kama dingo wa Australia. Wenye nakala nyingi ni wale waliokaa na wakulima, na Saluki, mbwa wa mbio wa Waarabu, alikutwa na nakala 29. Mzio nao umechunguzwa. Katika mapitio ya mwaka 2016 yaliyohusu mbwa 297 wenye mzio wa chakula, nyama ya ng'ombe iliongoza kwa asilimia 34, maziwa 17 na kuku 15. Ngano ilifuata kwa 13. Chakula kisicho na nafaka kinamfaa mbwa ambaye daktari amethibitisha kwamba nafaka fulani inamdhuru, nao ni wachache.

Kwa mtoto wa mbwa mdogo anayelelewa Juba, upungufu wa protini ndilo tatizo kubwa zaidi. Viwango vya Marekani vinataka chakula cha mbwa anayekua kiwe na protini isiyopungua asilimia 22.5 ya uzito mkavu; unga wa mahindi una asilimia 8 au 9. Asida peke yake, hata ikiwa ya kushiba, humdumaza. Samaki aliyetolewa miiba, maini au mayai yaliyopikwa huziba sehemu ya pengo hilo. Akiba ya sukari mwilini mwa mtoto wa mbwa ni ndogo, na akikaa muda mrefu bila kula hulegea, hutetemeka na anaweza kuzirai; ndiyo maana hulishwa mara tatu au nne kwa siku katika miezi ya mwanzo.

La pili ni usafi wa nafaka yenyewe. Sumukuvu, inayotokana na kuvu wanaoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, huharibu ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi. Sudan Kusini hupata unga mwingi kutoka Uganda kupitia Nimule, na mwaka 2023 malori ya mahindi na unga yalizuiwa mpakani hapo kwa madai ya sumukuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 kwa bilioni. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, kwa hiyo unga uliochacha au wenye harufu ya ukungu, ambao watu wameukataa, haufai kupelekwa kwenye sahani ya mbwa.