Kisigino cha Haile na Ngazi ya Baraza

Tarehe 25 Septemba 2000, Sydney, fainali ya Olimpiki ya mita 10,000. Haile Gebrselassie wa Ethiopia na Paul Tergat wa Kenya wanaingia mita za mwisho wakiwa bega kwa bega. Haile anashinda kwa sekunde 0.09 tu! Siku mbili kabla, katika fainali ya mita 100, Maurice Greene alimwacha mshindi wa pili kwa sekunde 0.12.

Mbio zile wengi tunazikumbuka. Tunachosahau ni kwamba Haile alifika Sydney na kisigino kibovu. Ilikuwa ile kano nene iliyo nyuma ya kifundo cha mguu, inayounganisha misuli ya kigimbi na mfupa wa kisigino. Wazungu wameipa jina la Achilles, shujaa wa ngano za Kigiriki ambaye mwili wake wote ulikuwa haudhuriki isipokuwa kisigino.

Je, alifanya nini baada ya medali? Alipasuliwa, akakaa nje miezi kadhaa. Agosti 2001, Edmonton, akarudi uwanjani na kupata shaba nyuma ya Charles Kamathi wa Kenya na Mwethiopia mwenzake Assefa Mezgebu. Wapo waliosema amekwisha. Mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni. Athens 2004 kano ikamsumbua tena, akamaliza wa 5. Lakini Septemba 2008, akiwa na miaka 35, alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2:03:59, rekodi ya dunia.

Sasa tuje nyumbani. Sisi Watanzania tukisikia mkimbiaji aliyeumia, jina la kwanza ni John Stephen Akhwari. Mexico City, 1968, alianguka, goti likaumia vibaya, akafungwa bendeji na kuendelea. Alimaliza kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, bali kuzimaliza.

Nani asiyejivunia hilo? Tatizo ni somo tulilolichota: kwamba mwanamichezo wa kweli hasimami. Tunasahau kwamba katika mbio zilezile Abebe Bikila, bingwa wa 1960 na 1964, alijitoa kwa sababu ya mguu. Alikuwa mwoga? Tunasahau pia kwamba Akhwari mwenyewe alipona, na mwaka 1970 akashika nafasi ya 5 kwenye marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh. Kupona kwake mbona hatukusimulii?

Huku kwetu Pemba ni vilima juu ya vilima. Ukipanda, kisigino kinavutwa. Ukishuka kwenye njia yenye mawe, kifundo kinateguka. Kijana akichechemea, wenzake watamwambia akaze, halafu jioni atachuliwa kwa mafuta ya makonyo. Mafuta yetu ya mkarafuu yanatuliza maumivu, sikatai. Lakini kutuliza si kuponya, wadau.

Dawa inayofaa kujaribiwa ina historia ya kuchekesha. Miaka ya 1990 daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, alikuwa anaumwa kano hiyohiyo. Mwenyewe husimulia kwamba mkubwa wake alikataa kumpasua. Basi akaanza mazoezi mazito ili ikatike kabisa. Badala ya kukatika, ikapona! Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliokuwa wanasubiri upasuaji: baada ya wiki 12 wote walirudi kukimbia.

Zoezi lenyewe linataka ngazi tu, hata ya baraza. Simama ukingoni kwa sehemu ya mbele ya nyayo, jinyanyue kwa miguu yote miwili, kisha shuka polepole kwa mguu mbovu mpaka kisigino kiwe chini ya ngazi. Panda tena kwa mguu mzima. Mara 15, mizunguko 3, goti likiwa limenyooka; kisha hivyohivyo likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba si kila mtu hupona kwa njia hii, na maumivu yakiwa pale kano inapoingia kwenye mfupa haisaidii sana. Ukisikia mlio nyuma ya mguu na ukashindwa kusimama kwa vidole, hilo si la ngazi wala la mafuta. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa kifundo kilichoteguka, uvimbe ukishapungua, jizoeze kusimama kwa mguu mmoja kila siku ili kisiteguke tena.

Chambilecho wazee, haraka haraka haina baraka. Wiki 12 ni ndefu kwa kijana wa miaka 19, lakini si ndefu kama maisha mazima ya kusimulia jinsi ulivyokuwa unakimbia. Nyie mnasemaje?