Mtoto Hajalala na Alfajiri Msafara Unaondoka: Usiku wa Wazazi Kwenye Njia ya Tabora

Siku hizi mtoto wa mwaka na nusu akigoma kulala saa nane usiku, wazazi wapya wanahangaika na simu. Mmoja anasaka majibu kwenye intaneti, mwingine anampigia bibi. Asubuhi wanaingia kazini macho mekundu. Sasa rudisha saa nyuma miaka 150 na ushee. Katoto ni kale kale katundu, usingizi hakataki, ila mko porini kati ya Ugogo na Tabora, na kukikucha kuna safari ya miguu na mzigo begani.

Watu wengi wakisikia neno "msafara" wanawaza wanaume tu: wapagazi, pembe za ndovu, tajiri wa pwani juu ya punda. Kumbe misafara ya Wanyamwezi ilikuwa na familia ndani yake. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na mkewe alikuja nyuma na vyungu, vibuyu na mtoto mgongoni. Yeye ndiye aliyefanya kambi iwe kambi. Bila yeye mwanaume angefika Bagamoyo amekonda kama fito. Na safari haikuwa ya wiki moja. Richard Burton na mwenzake Speke walitumia siku 134 kutoka pwani mpaka Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, wakafika Novemba 7, 1857. Ukiweka na kurudi, mtoto aliyeondoka anatambaa angeweza kurudi anakimbia.

Hebu fikiria ratiba yenyewe. Msafara uliamka kabla jua halijachomoza, kirangozi akatangulia mbele, na mara nyingi jua likishapanda na kuwa kali watu walikuwa wameshapiga kambi. Muda wote huo mtoto yuko mgongoni, amefungwa vizuri, anabembezwa na hatua za mama yake. Atafanya nini zaidi ya kulala? Mzazi yeyote anajua mwisho wa hadithi hii. Aliyelala mchana kutwa, usiku ndio anaanza vituko. Watu wazima wamechoka, mifupa inauma, ye ndio kwanza anataka kucheza.

Na kambi si mahali pa mtoto kuzurura gizani. Nyikani, kambi ilizungushiwa boma la miiba na moto uliwashwa, kwa sababu simba na fisi walikuwa nje pale. Moto wenyewe nao ni hatari kwa mtu mdogo anayejifunza kutembea. Ukimwachia anaungua, ukimshika analia. Akilia, wanaamka watu waliobeba pembe siku nzima. Hata kwenye basi la leo la Dar kwenda Tabora, mtoto akilia nusu saa abiria wanaanza kugeuka kumwangalia mama. Pale hakukuwa na kituo cha kushukia.

Kabla ya kufika Unyanyembe kulikuwa na Mgunda Mkali, nyika ndefu ambayo jina lake linajieleza. Maji yalikuwa ya shida, na misafara ilijikaza kuivuka haraka. Mtu mzima anaweza kuambiwa avumilie kiu mpaka kesho. Mtoto wa mwaka na nusu hajui kesho ni nini.

Halafu kuna homa. Usiku, mwili wa mtoto unapochemka ghafla, hofu ya mzazi ni ile ile tangu dunia iumbwe, ila wale walikuwa na sababu zaidi. Ndui ilitembea na misafara. Mwaka huo huo wa 1857 Burton alikutana na msafara uliokuwa umepigwa na ndui, na miongoni mwa waliokuwa bado wanajikokota walikuwemo kina mama wamebeba watoto, mama mgonjwa na mtoto mgonjwa. Ameandika mistari michache tu, akaendelea na safari yake. Majina hakuyauliza.

Waliokuwa na hali mbaya zaidi ni waliotembezwa kwa nguvu. Kwenye misafara ya watumwa mama hakuwa na mume wa kusaidiana naye, na mara nyingine alibebeshwa pembe na mtoto kwa pamoja. Alfred Swann, baharia Mwingereza aliyekwenda Ziwa Tanganyika na wamisionari miaka ya 1880, alimuuliza msimamizi wa msafara wa namna hiyo: mama akichoka, akashindwa kubeba vyote viwili, inakuwaje? Akajibiwa kwamba pembe ni mali, haiachwi. Anayeuawa ni mtoto. Kwa mama wa msafara ule, kukesha usiku mzima na mtoto hakukuwa uchovu wa kawaida. Nguvu zake za kesho ndizo zilizomweka mwanawe hai.

Mtoto mmoja wa njia hii jina lake lipo. Aliitwa Jack, mtoto wa Edward Hore, naye baharia na mmisionari, na mkewe Annie. Walipita mwishoni mwa 1884 kwenda Ujiji, kipindi ambacho Mirambo wa Urambo alifariki, Desemba mwaka huo. Jack alikuwa bado mdogo wa kubebwa. Mama yake aliletewa kiti cha magurudumu cha kizungu, lakini njia ile ilikuwa ya kupita mtu mmoja mmoja, magurudumu yangepita wapi? Ikabidi kiti kibebwe na wapagazi. Walifika Ujiji mwanzoni mwa 1885 baada ya miezi mitatu hivi, na mwaka uliofuata kitabu cha Annie kikatoka London, kiti kikiwa kwenye jina la kitabu. Kwa hiyo leo tunamjua Jack. Waliombeba, na watoto wao waliolala kambi hizo hizo, hatuwajui kwa majina.

Ila kuna kitu kimoja Burton alikiona kuhusu watoto wa Kinyamwezi, na huenda ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi wale watundu wa usiku waliishia wapi. Miongoni mwa Wanyamwezi, kijana ambaye hajawahi kufika pwani alionekana bado hajawa mwanaume, na kazi ilianza mapema mno. Mtoto akishasimama imara kwa miguu yake, alipewa pembe ndogo kabisa, ya saizi yake, akaiweka begani na kutembea nayo kama baba.