Ndani na Nje ya Hifadhi: Historia Fupi ya Kasese

Katika masomo yetu ya tafsiri, neno linalotusumbua si bioanuwai; hilo limekwishazoeleka. Tunakwama kwenye "makazi asilia", hasa tunapoeleza uhifadhi wa ndani na wa nje ya makazi hayo. Makazi ya nani?

Msafiri atokaye Kasese kwenda Bwera hupita Kikorongo, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Wengi wetu huidhani nchi ile kuwa pori tangu kale. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulipozuka, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka kando ya maziwa Edward na George. Palipokuwa na wafugaji na wavuvi pakaota vichaka, na mwaka 1952 pakatangazwa kuwa Hifadhi ya Kazinga. Jina la Malkia lilifuata mwaka 1954, baada ya ziara yake. Hata hivyo vijiji vya Katwe, Hamukungu na Kahendero vimo ndani ya hifadhi hadi leo, na watu wa Katwe wangali wanavuna chumvi kama babu zao.

Mwaka huohuo wa 1952 kilianzishwa Entebbe kituo cha kutunza wanyama yatima. Huo ndio uhifadhi wa nje, na una faida zake, lakini kituo hakiwezi kushika nafasi ya mbuga nzima. Ujangili wa miaka ya 1970 uliwamaliza tembo wa Queen Elizabeth: kutoka maelfu, kufikia 1980 walisalia kama 150 tu. Baadaye waliongezeka tena, wengine wakivuka kutoka Kongo.

Tembo naye hajui mpaka. Wakulima wa jirani hukesha wakipiga madebe kulinda mahindi yao. Sheria ya 1996 iliwatengea majirani asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini, ila fedha hizo hujenga madarasa. Hazirudishi shamba lililoliwa usiku mmoja. Na Aprili 2018 simba 11 walikufa kwa sumu karibu na Hamukungu.

Darasani mwanafunzi mmoja wa Bwera alipendekeza tuandike "makao ya wanyama". Mwenzake, mzaliwa wa Kahendero, akacheka: "Na sisi je?" Tafsiri hiyo bado hatujaikubali.